Flashi Yenye Kishale

Jumapili, 4 Mei

Mume wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Mwambie mama dawa ya magoti anywe akishakula, si kabla. Najua wewe unampa huku unachomoa karatasi zilizokwama kwenye mashine ya fotokopi, wala humwangalii.

Mimi mzima, na kiwanda cha nguo kimenizoea. Habari kubwa ni kwamba nimepewa laptopu mpya. Ile ya zamani niliyotoka nayo dukani kwako imechoka, ukiiwasha inavuma utadhani inasaga nafaka. Tatizo ni alamisho zangu. Zote zimo kwenye kivinjari cha ile ya zamani. Unazijua: zile kurasa za kukata na kushona nilizokuwa naziweka alama pale kwenye kona ya steshenari wateja wakipungua, nawe ukinitania kwamba najiandaa kuvalisha jeshi zima. Na kila ukurasa niliupa jina langu mwenyewe. "Huyu mama ana maneno mengi ila kola yake inakaa." "Mkono wa kubana, ruka mwanzo." "Usimfuate huyu, anakosea bega." Hayo majina ndiyo kichwa changu, mume wangu. Na hakuna kopi mahali pengine, maana wewe ndiye uliyenikataza kufungua akaunti ya mtandaoni, ukasema watatuibia.

Mwisho wa mwezi nafundisha somo la majaribio mbele ya wakubwa na wanafunzi wote wa chumba cha kukatia. Nikipita, napewa mkataba wa kufundisha. Nisipopita, narudi nyumbani na begi langu. Kwa hiyo unaona kwa nini nazihitaji.

Bwana Nyaya, yule anayeshughulikia kompyuta za kiwanda (tunamwita hivyo kwa sababu hakosi waya shingoni), alisema atanihamishia, ni kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Nikamwambia ahsante, nina mume mwenye steshenari, atanielekeza mwenyewe. Akacheka, akasema basi sawa. Niandikie hatua kwa hatua, kama unavyowaelekeza wateja wako wagumu. Simu sitaki. Tulikubaliana simu ni ya ugonjwa na msiba, mengine yote barua, maana kwenye simu tunagombana kabla hata hatujasalimiana. Mdogo wangu na lori lake wanapita kila wiki, tuwatumie.

Jambo lingine. Mkabala na geti letu kuna chumba kitupu chenye dirisha pana, na mtaa mzima hauna steshenari. Watu wanatembea mpaka stendi kutoa kopi ya karatasi moja. Nyaya ndiye aliyenionyesha. Nikipata mkataba, hebu kifikirie.

Wako,
Bibie wa Kola


Alhamisi, 8 Mei

Bibie,

Mama anakunywa dawa akishakula, na sasa anadai kwamba kwa kuwa dawa ni mara tatu, chakula nacho kiwe mara tatu na nyama iwemo. Hayo umeyaleta wewe.

Barua yako nimeisoma. Huyo Nyaya nimemkuta kila nilipogeuza karatasi. Nyaya ana waya shingoni. Nyaya amecheka. Nyaya anakunywa chai. Nyaya amekuonyesha chumba. Hebu nikuulize kwa upole, mlikuwa mnapita wapi mpaka mkakiona hicho chumba? Mlikuwa mnatembea? Mnaelekea wapi? Mtu wa kompyuta za kiwanda anatafuta nini nje ya geti? Mimi si mtu wa wivu, unanijua. (Mama amesoma hapa akacheka mpaka akakohoa, sijui kwa nini.)

Haya, nina wivu. Basi, nimesema. Unaniuma mpaka leo nimemtolea mteja kopi pande mbili alizotaka upande mmoja, na aliponiuliza nikamjibu vibaya. Nikifumba macho namwona mtu na waya wake ameegemea kiti chako, anakuonyesha kwa kidole. Kidole hicho nakichukia na sijawahi kukiona.

Maelekezo yako ni haya. Fungua kivinjari kwenye laptopu ya zamani. Juu pembeni kuna vidoti vitatu, bonyeza, nenda kwenye alamisho, uchague kuzihamisha. Itakutengenezea faili moja lenye kila kitu. Liite "Kola" na ulihifadhi humo humo kwenye laptopu. Sasa nisikilize vizuri. Usilinakili lile faili lenyewe, linaweza kuharibika. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha panya, chagua "tengeneza njia ya mkato", na hiyo njia ya mkato ndiyo uiweke kwenye flashi. Utaona ina kishale kidogo pembeni. Kishale kisikutie wasiwasi, ndivyo inavyotakiwa. Chomoa flashi, kazi imekwisha.

Ikikusumbua kwenye laptopu mpya, usimpe mtu mwingine aguse. Mtu yeyote. Chukua laptopu zote mbili, panda lori la shemeji uje nyumbani, nikufanyie mwenyewe.

Kuhusu chumba, tutazungumza. Nina duka tayari.

Mumeo, ambaye bado yupo


Siku hiyo hiyo

Shemeji,

Ukimpa dada yako bahasha yake, baki hapo kidogo. Mtazame huyo wanayemwita Nyaya. Ni mrefu? Ana mke? Dada yako akimtaja, uso wake unakuwaje? Niandikie nyuma ya karatasi hii hii. Usimwambie kwamba nimekuuliza.

Shemeji yako


Jumanne, 13 Mei

Shemeji,

Mimi nabeba mizigo, sibebi umbeya. Ila umenilaza kwako miaka yote hiyo bila kunung'unika, kwa hiyo nakujibu mara hii moja tu, usirudie.

Nyaya ni mrefu, ndiyo. Mke anaye, anapika kantini ya kiwanda, na ana mdomo kumshinda mama yako, nisamehe. Nilipofika walikuwa mezani wote watatu. Dada alifungua bahasha pale pale, akawasha laptopu, akawa anafuata barua yako kwa kidole mstari kwa mstari. Nyaya alitaka kusogea aone, dada akamwambia: "Kaa hapo hapo, hapa anaongea mume wangu." Mke wa Nyaya akacheka, akamwambia mumewe, "Umefukuzwa."

Niliona ungependa kulijua hilo. Sasa niache niendeshe gari.

Shemejio wa lori


Jumatano, 14 Mei

Mpenzi wangu,

Nimefanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Kishale nimekiona. Nilitaka kushtuka, nikakumbuka umesema kisinitie wasiwasi, basi nikatulia. Flashi iko kwenye mfuko mdogo wa pochi yangu, ule wa zipu. Laptopu mpya bado iko kabatini, tumepata oda kubwa ya sare na tangu Jumatatu sijaweka mkasi chini. Nitaziingiza somo likikaribia.

Umenichekesha na wivu wako. Kidole! Nilimsomea mke wa Nyaya kipande hicho, akasema wake hata akimwazima mtu, njaa itamrudisha kwake siku hiyo hiyo. Kile chumba tulikiona tukienda kununua uzi, mimi na Nyaya na mkewe, na Nyaya alisema, "Mumeo angekaa hapa asingekosa wateja." Ndiyo sababu. Alikuwa anakufikiria wewe.

Sasa pokea zawadi. Kabla sijaondoka ulilalamika kompyuta yako ya mezani imekufa na watu wanakaa foleni kwa ile moja iliyobaki. Basi mdogo wangu anakuletea laptopu ya zamani, nimeifunga kwa blanketi langu lile la mistari. Nilimwomba Nyaya aisafishe yote, abadilishe feni, afute kila kilichomo na aiwekee programu upya, iwe kama imetoka dukani. Aliniuliza kama nimeshatoa vyangu vyote. Nikamwambia vyote, mume wangu ameshanielekeza. Akauliza tena, nikamjibu kwa ukali kidogo. Amekaa nayo siku nzima. Nilimwambia ni ya mume wangu, asiache hata vumbi.

Ukiiwasha uniambie kama inavuma.

Wako peke yako, na umwambie moyo wako utulie,
Bibie


Ijumaa, 16 Mei

Bibie,

Laptopu imefika. Haivumi.

Naomba unijibu jambo. Nani alimwambia afute? Najua ni wewe, lakini kwani hana akili ya kusubiri? Mtu anakimbilia nini kufuta mashine ya watu? Fundi mwenye busara angesema, dada, tuiache wiki mbili. Mimi ningesema hivyo. Tangu jana nimefunga duka niko nayo mezani. Nimejaribu kila njia ninayoijua na nyingine nisizozijua kuona kama kuna kitu kimebaki humo. Hakuna. Amefanya kazi safi, nampa heshima yake, mshenzi yule.

Nisikilize. Flashi usiifungue. Iache kwenye zipu. Omba ruhusa wiki hii, sema mama anaumwa, uje nyumbani. Kuna jambo nataka kukueleza uso kwa uso, kwenye barua halielezeki.

Mama ananiambia nikupigie. Nimemwambia tuna makubaliano, simu ni ya ugonjwa na msiba. Hataki kuusikia udhuru huo. Hata chai yangu ameiacha ipoe.

Blanketi lako lina harufu yako. Nimelalia hilo.

Mumeo


Jumapili, 1 Juni

Kwa mwenye steshenari,

Barua yako ya kuniita ilinitisha. Nilipiga simu dukani kuuliza hali ya mama, akapokea mwenyewe. Akasema ni magoti tu, yale yale. Halafu akasema, "Mwanangu ana jambo, ila hanisikilizi." Nikadhani ni wivu wako wa kila siku. Ruhusa nisingepewa hata hivyo, sare zilikuwa zimetufika shingoni.

Somo lilikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi nilitoa laptopu mpya kabatini, nikachomeka flashi. "Kola" ilikuwepo, na kishale chake. Nikabonyeza. Kioo kikaniambia faili halipatikani. Nikabonyeza tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoizoea. Mwisho nikamwita Nyaya.

Aliangalia akaona kishale. Akasema polepole: "Hili si faili, dada. Hii ni alama tu ya kuonyesha faili liko wapi. Liko kwenye laptopu ya zamani. Ni sawa na kubeba kibao cha mlangoni ukaiacha nyumba." Akauliza, "Nani alikuelek..." akaishia hapo, maana alikumbuka. Akainama akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Aliona aibu kwa niaba yangu. Hujui inavyochoma, mtu wa pembeni kukuonea aibu kwa ajili ya mumeo.

Na mimi nilikutetea! Nikasema mume wangu amepitiwa, ni binadamu, ana kazi nyingi. Nimekutetea mpaka nikafika chumbani kwangu. Ndipo nikakumbuka mlango wa duka lako. Ile karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, wewe ukinitajia maneno huku unacheka: MTEJA, FLASHI YENYE KISHALE HAINA KITU. RUDI ULETE FAILI. Kila wiki unawarudisha watu kwa kosa hilo. Wanafunzi, walimu, hata yule mchungaji aliyeleta mahubiri yake. Wakitoka unawaigiza wanavyotembea. Wewe unaweza kusahau siku tuliyooana. Kishale huwezi kukisahau.

Kisha nikaichukua ile barua yako ya pili nikaisoma upya. "Flashi usiifungue." Kwa hiyo ulijua tangu laptopu ilipofika. Ulikuwa na wiki mbili nzima, na namba yangu ya simu. Ukakumbuka makubaliano!

Niandikie kama nimekufikiria vibaya. Kama nimekosea nitakuomba radhi kwa magoti.

Mimi


Alhamisi, 5 Juni

Mke wangu,

Hujakosea.

Nilitaka ukwame. Kushindwa sikukutakia, Mungu ananiona, nilitaka ukwame kidogo tu. Flashi igome, ukasirike, upande lori na mashine zote mbili, ukae hapa mezani kwangu. Mimi nikufanyie kwa dakika moja, nawe useme kwa sauti kwamba yule mwenye waya hafui dafu kwangu. Nilishaipanga mpaka chai nitakayokupikia. Kwamba ungeifuta ile ya zamani sikuwaza hata kidogo. Nani anafuta mashine ili amfurahishe mume? Niliipokea kwa shemeji, nikalifungua blanketi, nikaiwasha ikawaka kimya, nikajua nimekwisha.

Kupiga simu niliogopa. Nilishika simu, nikaweka. Nikashika tena. Nilijua ukisema "haloo" tu nitalazimika kusema nilichofanya, na wewe utakuwa huko, na yeye yuko huko.

Nikwambie na lingine, maana sasa sina cha kuficha. Wivu wangu haukuwa wa Nyaya peke yake. Nilikuwa nazionea wivu hizo alamisho zenyewe. Miaka yote hiyo ulikaa kwenye ile kona umenipa mgongo, unawasikiliza watu wa kwenye kioo, unatabasamu, unawapa majina. Mimi hujawahi kuniandikia hata kijina. Nilikuwa nakuona unaondoka kidogo kidogo, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi ndiye niliyekuwekea ile kompyuta na kulipia intaneti. Ulipopata kazi huko sikushangaa. Nilikuwa nimeshakuona ukitoka siku nyingi.

Nimebandua ile karatasi mlangoni. Nimekaa na mama tunajaribu kukumbuka kurasa zako, kwa sababu ulikuwa unatusomea kwa sauti. Tumekumbuka chache sana. Mama anamkumbuka yule wa bega.

Nitakuja. Kile chumba mkabala na geti, nishikie. Nitauza mashine moja, nitahamia na mama. Nitamwomba Nyaya radhi mbele ya mkewe.

Somo lilikwendaje? Hukusema. Na yeye alikuwepo ukumbini? (Nisamehe, mkono umeandika wenyewe.)

Mumeo, kama bado unaniita hivyo


Jumatatu, 9 Juni

Mume wangu,

Nyaya hakuwepo ukumbini. Alikuwa darini anatengeneza feni. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilolitafuta kwanza kwenye karatasi hii.

Somo nililifundisha bila laptopu. Nilimwomba mmoja wa wakubwa anivulie shati lake, akabaki na fulana mbele ya watu, wanafunzi wakaangua kicheko. Nikaifumua kola yake pale pale nikaishona upya, nikieleza kila ninachokigusa. Nilijichoma sindano, nikaendelea. Mengine niliyasahau, nikayaruka, na ninajua niliyaruka. Wenyewe hawakujua. Mkataba nimepewa, wa miaka mitatu. Nimeshasaini.

Unasema ulitaka nikwame ili nikuhitaji. Nilikuwa nakuhitaji! Siku ile pale mezani kulikuwa na mtu anayejua kazi, ameketi karibu yangu, anasubiri nimwambie neno moja tu. Nikamwambia akae. Nikaifuata barua yako kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma, na kila aliponiuliza kitu nilimjibu, "Mume wangu amesema." Nilikuwa najivuna. Sijawahi kuwa mkeo kama nilivyokuwa mkeo siku ile, na ndiyo siku uliyoichagua kunidanganya.

Kuhusu kukuandikia kijina, hilo limeniingia. Ungeniambia pale kwenye kona, ningegeuka.

Kurasa nitapata nyingine. Watu hawataacha kuvaa kola. Ila sasa hata ukiniandikia kwamba mama ni mzima, itanibidi nipige simu nihakikishe. Nimejaribu wiki nzima kuliondoa jambo hilo kichwani na limekataa. Siwezi kuishi na mtu ambaye maneno yake lazima niyapime kwanza kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo usihame, na chumba usikifikirie. Duka lako ni zuri na wateja wamekuzoea.

Ijumaa mdogo wangu atapita hapo. Mpe cherehani yangu na kiti chake, na mkasi mkubwa uliopo juu ya kabati. Blanketi libaki, mama anaona baridi. Yeye nitampigia mwenyewe kila Jumapili.

Barua usimpe mdogo wangu tena.

Ni mimi